Acheni Kuusifu Mlima wa Burungu

Nina miaka thelathini na tatu na tayari naitwa mstaafu. Juzi pale Kitchanga kijana mmoja alinyanyuka kwenye benchi ili nikae, akaniita koko, kana kwamba nimeshalea wajukuu. Ndivyo kazi yetu ilivyo. Mwalimu wa umri wangu ndiyo kwanza anazoea chaki, mkulima wa umri wangu bado anagombania mpaka wa shamba na ndugu zake, na mimi nimeshamaliza. Basi nyinyi mnaocheza mpira wa kikapu, na nyinyi mnaotamani kuucheza, mnakuja nyumbani kuniuliza maswali, na maswali yenu yamenichosha. Si kwa wingi wake. Yamenichosha kwa sababu mnakuja mmeshika majibu mkononi.

Mnauliza nilipewa dawa gani. Nikisema hakuna, mnatazamana na kutabasamu. Mnauliza ni mchungaji yupi aliyeniombea. Mchungaji aliniombea, ni kweli, lakini aliiombea timu nzima, siku ileile, kwa maneno yaleyale. Kama sala ndiyo iliyonifikisha Kinshasa, kisha ng'ambo, ya wenzangu ilikwama kizuizi gani? Na asiye na dawa wala mchungaji, yeye ana mlima. Mlima wa Burungu ndio uliokuzaa, mnaniambia. Hilo linanikera kuliko yote, kwa sababu lina ukweli kidogo ndani yake. Uwongo mtupu unang'oka kama jani la mahindi. Uwongo wenye ukweli ndani yake ni kisiki.

Nilisoma sosholojia chuo kikuu, mazoezi alfajiri, masomo mchana, na kitu kimoja nilichobaki nacho ni lile swali dogo: umejuaje? Ndugu zangu wanasema chuo kiliniharibu. Mama yangu, aliyenijua kabla ya chuo, anasema nilizaliwa hivyo.

Ngoja niwaeleze huo mlima, maana wengi mnaousifu hamjawahi kuukimbia.

Kiwanja chetu kilikuwa ubavuni mwa kilima, juu ya shule. Bonde lenye usawa lipo, lakini ni la maharage, na hakuna mtu mwenye akili Masisi anayewapa watoto wacheze juu ya udongo wa maharage. Wazee walichimba ubavu wa kilima mpaka mikono ikachoka, wakasema inatosha. Haikutosha. Tukabaki na goli la juu na goli la chini, nguzo za mikaratusi, mbao, na ringi ya chuma iliyokunjwa na fundi wa baiskeli kwa kukadiria. Kwenye viwanja vyenu mpira ukipotea unatoka nje. Kwetu ulikuwa unaondoka. Unapita katikati ya mihogo, unaruka mtaro, unafika kijitoni. Aliyeupoteza ndiye aliyeufuata, na wenzake walikaa chini kumngoja wakimtukana mpaka aliporudi anahema.

Mimi nilikuwa mfupi na mvivu wa kupanda mlima bure. Kwa hiyo nilijifunza kutoupoteza mpira. Mlitaka siri, hiyo hapo.

Kazi yangu tangu utoto ilikuwa ya yule anayeleta mpira mbele na kuamua uende kwa nani, yule tunayemwita kwa Kifaransa meneur. Kwenye mteremko kazi hiyo ina sheria zake. Ukishuka, mpira unakukimbia, basi udundishe nyuma kidogo ya kidole gumba cha mguu. Ukipanda, unakurudia magotini, basi usukume mbele kama unayemfukuza mbuzi. Na katika kushuka, lazima ujue kusimama. Nilikuwa nateremka kwa kasi, naupiga chini mguu wa kushoto mara moja, nasimama kama nimegonga ukuta, na msichana anayenikaba anaendelea peke yake mpaka kwenye mihogo. Watu walikuja toka mbali kumwona akiingia kwenye mihogo. Wakaniita Breki. Jina hilo lilinifuata Goma, likanifuata Kinshasa, na ng'ambo watangazaji wasiojua Kiswahili walilitamka kwa shida lakini walilitamka.

Nyinyi mnajifunza kwenye simu. Nawaona mnakatiza mpira kati ya miguu, mnauzungusha mgongoni, mnajirekodi, mnarudia. Sisemi ni vibaya. Laiti sisi tungekuwa na hizo video. Lakini katika hizo zote hamkuchagua hata moja ya mtu anayesimama. Mnajua kuondoka tu. Mchezaji wa nafasi yangu analipwa kwa kusimama, kwa sababu akisimama ndipo anapoona. Na akisimama vibaya, analipa mwenyewe.

Nitafika huko. Kwanza kijiji cha Ntoto, kwa sababu kila mtu anayesimulia habari zangu anairuka Ntoto.

Mwaka mmoja risasi zilitutoa Burungu. Wengi wenu mlio hapa mnajua inavyokuwa, sina haja ya kuieleza. Mama alibeba sufuria na mbegu za maharage, kaka yangu Bauma alibeba godoro, na mimi nilibeba mpira. Njiani Mama aliniuliza kama huo mpira utaiva haraka ao tutauloweka kwanza. Tulitembea mpaka tukaingia Walikale, na Ntoto akatupokea mama mmoja muuza chumvi na mawese, Mama Solange, ambaye ujanani alicheza mpira wa kikapu kwenye shule ya bweni na jioni alifundisha wasichana wa kijiji.

Kiwanja cha Ntoto kilikuwa sawa kabisa, kando ya barabara, msitu nyuma. Nikafurahi. Nikadundisha mpira wangu mara ya kwanza, na haukurudi. Ulikaa pale kwenye tope kama muhogo uliopikwa. Ntoto mvua inanyesha hata siku isiyo na sababu, udongo wao ni wa kunata, na mpira ukianguka unafia palepale. Wasichana wa Ntoto walinicheka, na wanaume waliotoka machimbo ya Bisie, waliokuwa wamepumzisha mizigo yao pembeni, walicheka zaidi. Yote niliyoyajua mlimani hayakunisaidia kitu. Hawakudundisha kabisa, walipasiana tu, haraka haraka, mpira haugusi ardhi. Aliyeuangusha alitoka kuupangusa kwa nguo yake mwenyewe, na nyumbani mama yake alikuwa anamngoja na hiyo nguo.

Mimi nilikuwa nakimbia huku na huko nimeushika. Mama Solange hakuwa mtu wa kelele. Aliniita kando akanishika mabega.

"Mupira njo iko na miguu," aliniambia. "Weye uko na macho. Kila mumoja afanye kazi yake."

Nimefundishwa na makocha wenye diploma za ukutani, na sijasikia neno lililonifaa kuliko hilo. Ila msilichukue kama hekima ya kale ya msituni. Tope ndilo lililomlazimisha. Kila kijiji kinacheza kama ardhi yake inavyokiruhusu, kisha kinajisifu kana kwamba kilichagua.

Sasa Goma. Risasi zilipotulia tulirudi Burungu, na niliposhuka kufanyiwa majaribio nilikuwa msichana wa sekondari mwenye viatu vya kuazima. Kiwanja kilikuwa cha saruji, kimenyooka kama meza. Niliposimama juu yake nilihisi kama kimeinama. Miguu yangu ilikuwa ikitafuta upande wa kushuka na haikuupata. Nikarusha mpira kwenye goli. Ukapita juu ya ubao. Nikarusha tena, ukapita juu ya ubao na juu ya ukuta, mwenye duka la jirani akaurudisha kwa hasira. Nilikuwa nimezoea goli la juu, unalolirushia kama unayerusha embe kwa mtu aliye darini. Kocha alimuuliza msaidizi wake kama huyu mtoto amekuja kucheza ao kupiga ndege. Alinibakiza kwa sababu moja tu: hakuna aliyeweza kuninyang'anya mpira. Baada ya hapo, kila jioni, wenzangu wakienda kuoga, mimi nilibaki chini kabisa ya ringi nikijifunza kurusha upya, hatua moja nyuma kila nilipozoea. Jifunzeni hivyo. Anzeni karibu. Mnaona aibu kurusha toka karibu kwa sababu haipendezi kwenye video.

Basi mlima ulinipa nini? Ulinipa mkono usiopoteza mpira na mguu unaosimama. Ukaniharibia mkono wa kurusha, nikautengeneza upya kwa jasho. Na goti ulilichukua.

Ng'ambo, goti la kushoto liliponiuma mpaka nikashindwa kushuka ngazi, mtaalamu wa viungo alinikimbiza kwenye korido huku akinitazama. Aliniuliza nimekulia kwenye nyumba ya aina gani, yenye ngazi nyingi? Nikamwambia habari za kiwanja. Akanieleza taratibu, kama anayempa mtu habari za msiba, kwamba kila ninaposimama mwili mzima unalikalia goti moja, na kwamba limekaliwa tangu halijakomaa. Nikapasuliwa. Nikarudi uwanjani, nikashangiliwa, Breki, Breki, nikasimama vilevile kwa sababu sikujua namna nyingine, likakatika kabisa. Hapo nikaja nyumbani.

Nilipofika Burungu nilimkuta Riziki, binti wa kaka yangu Bauma. Bado yuko shule, anacheza nafasi yangu, na klabu moja ya Goma ilikuwa imekubali kumtazama wakati wa likizo kubwa. Nilikaa juu ya jiwe kumwangalia. Anashuka, anapiga mguu wa kushoto chini, anasimama. Msichana mwingine anaingia kwenye mihogo. Watu wanacheka. Na Riziki, akidhani hakuna anayemwona, anainama na kulishika goti kwa mikono miwili.

Nilimuuliza linauma tangu lini. Akasema haliumi. Nikamuuliza tena, akasema linauma asubuhi tu. Mimi pia lilikuwa likiniuma asubuhi tu.

Kwa hiyo nilitaka jambo moja, na ni hilo moja tu: kiwanja kisawazishwe kabla goti la mtoto huyu halijaharibika. Mlima ukatwe juu, udongo ujazwe chini, ukingo upandwe majani ili mvua isiuteremshe. Watu wa Masisi wanajua kukata mlima kuliko kitu chochote; mashamba yetu yote yana mitaro. Ingetosha Jumamosi chache za salongo, ile siku kijiji kizima kinapotoka na majembe kwa kazi ya wote. Nikadhani nitasema mara moja na itafanyika. Mnaona jinsi chuo kinavyompa mtu matumaini.

Walikataa. Hawakukataa kwa sababu ya uvivu, walikataa kwa heshima. Mzee mmoja aliniambia hawawezi kuukata mlima ulioleta jina la Burungu kwenye redio. Mwenyekiti wa vijana alinieleza kwamba timu za nje zinatuogopa kwa ajili ya ule mteremko. Kwetu desturi ni mwenyeji kuchagua goli, na Burungu daima ilichagua kupanda kipindi cha kwanza miguu ikiwa mipya, na kushuka kipindi cha pili wageni wakiwa wamechoka. Hatukuwahi kufungwa nyumbani. Watu waliuita huo ushindi ujasiri.

Nilikwenda kwa Yaya Bauma, maana yeye ni kaka yangu mkubwa na ndiye anayesikilizwa. Alikuwa uani anachambua mbegu. Nilikaa kwenye kigoda, nikanyoosha miguu yote miwili mbele yake, nikapandisha kitenge. Goti la kulia ni la mtu. La kushoto limejaa makovu, na paja lake limekonda kama la mgonjwa.

"Yaya, angalia hii. Njo ya Riziki kesho."

Aliangalia kweli. Hakuharakisha.

"Ni guu ya muntu mwenye ametumika," alisema. "Mimi mugongo inaniuma kila siku. Nani atakuja kulaza mulima yenye ninalimia?"

"Riziki si shamba."

"Na weye haukukuwa shamba. Ile mulima njo ilikuzala. Tukiilaza, batoto ya Burungu itakuwa sawa na batoto ya kila fasi."

Nikamuuliza: mlima ulizaa watoto wangapi basi? Kizazi changu wote tulicheza pale. Mwenzangu Machozi alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Leo anachechemea sokoni na mtoto mgongoni. Yule mwingine, Bora, aliacha hata kabla ya kumaliza shule, mguu umevimba. Mbona hao hamsemi walizaliwa na mlima? Mnamhesabu mmoja aliyepita, waliobaki mnawaita wasio na bahati. Nilisema mengi, na kwa ufasaha; Yaya Bauma akaendelea kuchambua mbegu, nzuri huku, mbovu kule. Mwisho akasema nimesoma sana, na kwamba chakula kiko tayari.

Nilikasirika kiasi cha kula vibaya.

Baada ya mavuno ya maharage huwa kuna mashindano ya vijana wa kanisa, na mwaka huo barabara ilikuwa wazi, kwa hiyo Ntoto waliweza kuja. Walikuja kwa pikipiki, wamejaa vumbi na tope mpaka kwenye nyusi. Mama Solange alikuwa nao, amezeeka, ameshuka kwenye pikipiki akiwa amejikunja kama bado amekaa. Alinikumbatia, kisha akatazama kiwanja, juu, chini, juu tena, akaniuliza kama hiki ndicho kile nilichokuwa nikikililia usiku nikiwa kwake.

Mimi nilipewa filimbi. Nani mwingine wangempa? Waliniona ni wa kwao, na walikuwa na hakika kwamba hakuna kitakachobadilika.

Riziki, ambaye ni kapteni, aliwapeleka wenzake moja kwa moja upande wao, wapande kwanza, kama kawaida. Mama Solange akanisogelea. Aliniuliza kwa upole kama Burungu mgeni hana mdomo. Niliwaza kidogo tu. Ni swali nililopaswa kuwa nimeliuliza mwenyewe tangu utotoni, mimi ninayejidai kuuliza kila kitu. Nikaokota kijiwe, nikakificha mkononi, nikawaita makapteni wote wawili wachague ngumi.

Kelele zikaanza. Yaya Bauma akasimama katikati ya watu.

"Tangu lini?"

"Tangu leo, Yaya."

"Uko unapigia Ntoto filimbi? Basi rudi nabo kwabo."

Watu wakacheka, mtu mwingine akasema ng'ambo wamenilisha ujinga. Kapteni wa Ntoto, msichana mwembamba aliyekuwa hajasema neno tangu afike, aligusa ngumi yenye kijiwe. Akamtazama Mama Solange. Mama Solange akaelekeza kidevu mlimani. Ntoto watapanda kwanza.

Kipindi cha kwanza Burungu walishuka kama maji, na watu walinisamehe. Wageni waliachwa mbali mno. Riziki aliwaingiza kwenye mihogo mmoja baada ya mwingine, na mwenyekiti wa vijana alikuwa akimwuliza Mama Solange kwa heshima kama angependa wawakatie njia ya mkato humo mihogoni. Mama Solange alikuwa akila muhindi. Niliona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona: wasichana wake hawakuwa wakikimbia. Walisimama, walipasiana, walipoteza, walirudi kwa kutembea. Walikuwa wakitunza miguu.

Kipindi cha pili mlima ulibadilika upande, na Burungu hawakuujua upande huo. Hawakuwahi kupanda wakiwa wamechoka; hakuna aliyewafundisha, kwa sababu hakukuwa na haja. Walipanda na mpira, kila mmoja akiudundisha mwenyewe kama tulivyofundishana vizazi vyote, na ukawarudia magotini. Wasichana wa Ntoto wakauokota na kuutuma chini. Mpira ulishuka peke yake, una miguu, na mwenzao alikuwa tayari anaungoja chini ya goli. Hawakudundisha hata kidogo. Burungu wakageuka kukimbia kuwafuata, kushuka, kusimama, kupanda tena, kushuka, kusimama. Riziki alishuka mara moja zaidi, akapiga mguu wa kushoto chini, na mguu haukukubali.

Nilipiga filimbi kabla hajafika ardhini. Nilikuwa naujua ule mwanguko kwa ndani.

Alikuwa amekaa, midomo imekauka, hakulia. Nikapapasa goti. Lilikuwa moto, limeanza kuvimba, lakini lilishikana, halikuwa limekatika. Nikamwambia anatoka. Yaya Bauma alikuja pembeni akasema arudi, imebaki kidogo, asimame tu. Riziki alimtazama baba yake, kisha akanitazama mimi.

"Tantine, nikirudi, nitaenda Goma?"

"Hapana."

"Na nikitoka?"

"Sijui. Lakini utatembea."

Akaomba mkono, nikamwinua, akaenda kukaa. Ntoto walishinda. Haikuwa hata kwa karibu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Nilikuwa nimewaonyesha goti langu, na halikuwatosha. Waliona goti la mtoto wao likivimba mbele ya macho yao, wakasema pole, wakaleta maji ya moto na chumvi. Halikuwatosha nalo. Lakini kufungwa nyumbani na watu wa Ntoto, watu wa tope, mbele ya kanisa zima, hilo halikulalika. Wiki ile hapakuwa na mazungumzo mengine Burungu. Na Jumamosi ya salongo, nilipotoka nje asubuhi, niliona kijiji kizima kiko mlimani na majembe, na mtu wa kwanza mwenye kamba ya kupimia alikuwa kaka yangu.

"Hii mulima ni musaliti," alikuwa akiwaambia. "Mimi tangu mbele nilisema haiko muzuri."

Mtu mzima ana kiasi cha maneno anachoweza kupoteza katika maisha, na mimi changu nilikuwa nimekimaliza uani kwake. Nilichukua jembe nikaenda kusimama kwenye mstari. Yaya Bauma alikuja akalitoa mkononi mwangu. Alikuwa amebeba kiti toka nyumbani, kile cha wageni chenye mgongo. Akakiweka juu ya udongo uliochimbwa, akakitikisa kuona kama kimetulia.

"Weye kaa," alisema bila kunitazama. "Ile guu imetumikia hii mulima ya kutosha."

Nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi wa siku nzima, na sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Nyinyi mnaopenda hadithi iwe na funzo mtataka niseme kwamba alikuwa amenielewa tangu siku ile ya mbegu. Sijui. Sikumuuliza, na ni swali pekee ambalo nimewahi kuliacha kwa hiari. Najua tu kwamba alikata mlima mpaka viganja vyake vikachubuka, akisimulia kila aliyepita jinsi Ntoto walivyotuibia, na kwamba ukingo wa chini aliupanda majani mwenyewe.

Riziki alikaa nje mpaka maharage mapya yalipochanua. Likizo kubwa ilipita na Goma haikumwona. Wamesema wataangalia tena, na wanaosema hivyo huwa wanasema hivyo. Nilimfundisha kusimama upya, kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, kama anayetaka kukaa kwenye kigoda kisha akaahirisha. Anachukia. Anasema hakuna anayeingia kwenye mihogo ukisimama hivyo. Ni kweli. Haipendezi.

Siku kiwanja kilipomalizika walimpa mpira arushe wa kwanza. Watoto wote wa Burungu walikuwepo, wamepanga mstari. Riziki alirusha kama alivyozoea, juu, kwa mtu aliye darini, na mpira ukapita juu ya ubao, ukagonga ukingo mpya uliokatwa nyuma ya goli, ukarudi uwanjani ukidunda. Watoto hawakungoja. Kabla haujatulia walikuwa wameshageuka wote, wanateremka kwa kelele, wanapita mihogo, wanaruka mtaro, kila mmoja awe wa kwanza kuudaka kule kijitoni.

Mpira ulidunda kidogo, ukasimama katikati ya kiwanja.

Tulibaki tunautazama, mimi, Riziki na Yaya Bauma. Kule chini watoto walikuwa wamefika kijitoni na wanatafuta majini. Niliwaita warudi. Hawakunisikia, ao walisikia na hawakuamini.